Wanamwita Dada Yangu Mwasi

Jumapili jioni, Bondeni, hapa Nakuru. Mvua haijakatika tangu mchana na nguo nilizoanika nimezirudisha ndani zikiwa mbichi. Sijaenda kanisani leo. Nina hasira, na sitaki mtu anipoze.

Wairimu, dada yangu mdogo, ameolewa Elburgon na Njoroge, fundi wa kupasua mbao. Kanisa la Njoroge halitaki dawa wala daktari. Huko mtu akiugua anaombewa. Akipona ni imani, akifa ni mapenzi ya Mungu. Wairimu aliyafuata hayo yote tangu aolewe. Hata mwaka ule jino lilipomvimbisha shavu mpaka jicho likafunga, alivumilia.

Juzi mtoto wao mdogo, Shiku, akashikwa na kifua. Waumini walikuja wakaomba kutwa nzima. Mtoto akawa anavuta pumzi kwa shida, mbavu zinaingia ndani, midomo inabadilika rangi. Wairimu akamfunga mgongoni, akatoka kama anayeenda chooni, akasimamisha lori la mbao lililokuwa linateremka Nakuru.

Nimonia, daktari akasema. Akasema pia kwamba angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunapanga mazishi.

Shiku yuko hai.

Jana saa ya kuona wagonjwa nilikuwa nimewapelekea uji. Njoroge akaingia wodini pamoja na mzee wa kanisa lao. Mzee hata hakumtazama mtoto. Alimwambia Wairimu apige magoti papo hapo, atubu kosa la kumkana Mungu.

"Sijamkana, mzee," Wairimu akasema. "Nimemwomba kutoka Elburgon mpaka hapa."

"Wewe ni mwasi." Wodi nzima ilimsikia. "Na mwasi hana nyumba kwetu."

Nimelitafuna neno hilo tangu jana na halimezeki. Mimi nilidhani mwasi ni mtu wa bunduki, anayejificha msituni. Kumbe ni mama aliyevaa slipa, amebeba mtoto anayekata roho!

Na si wao tu. Nilimpigia mama yetu nikitegemea atalia na sisi. Mama hata si wa kanisa hilo. Akaniambia, "Huyo amekuwa kichwa ngumu tangu utotoni. Mwambie aombe msamaha arudi kwa bwana yake." Mama yangu mzazi! Babu alikataa kubatizwa mpaka tukamzika, na kila Krismasi anasifiwa kwamba alikuwa mtu wa msimamo. Mwanamume akikataa ana msimamo. Mwanamke akikataa tunamfungulia gunia zima: mkaidi, jeuri, mpotovu, amelogwa, hakulelewa. Gunia haliishi.

Nikamkatia simu. Sijawahi kumkatia mama simu.

Lakini nimeruka jambo moja. Wakati wanatoka wodini, Njoroge alibaki nyuma kidogo. Akainama karibu na mimi kama anayefunga kamba za kiatu.

"Shemeji," akanong'ona, "Njeri naye ameanza kukohoa."

Njeri ndiye kifungua mimba wao. Yuko darasa la kwanza.

Nilienda Elburgon mchana huohuo. Wamama wawili wa kanisa walikuwa sebuleni wakiimba, nikazungukia nyuma. Njoroge alikuwa ananingoja mlangoni. Alikuwa ameshapanga vitu vya mtoto kwa mkoba wa shule: sweta, soksi, hata mswaki. Akamvalisha kofia, akaivuta mpaka ikafunika masikio vizuri. Kisha akanisukumia mtoto.

"Ukiulizwa, sema umemwiba."

"Kwani wewe si babake?"

"Shemeji, tafadhali. Enda."

Nikaenda. Ningebishana vipi huku mtoto anakohoa begani mwangu?

Njeri amepimwa. Kifua hakijafika pabaya, amepewa dawa, na sasa amelala kwa kitanda changu akikoroma kama mzee. Shiku naye, huko wodini, ameanza kuitisha chapati. Wairimu hatarudi kule kupigia mtu magoti. Chumba changu ni kimoja, tutabanana. Kesho nitatafuta godoro, hilo ndilo najua kwa sasa.

Leo mchana jirani yao alinipigia kunieleza yaliyotokea kanisani. Tulitajwa mbele ya watu wote: Wairimu mwasi, mimi mwizi wa watoto. Waumini wakaambiwa wasimame waitikie. Jirani anasema Njoroge alisimama safu ya mbele na amina yake ilisikika kuliko zote.

Sisi tumeshapewa majina yetu, sawa. Lakini yeye, aliyekunja zile soksi ndogo kwa mikono yake, kisha akasema amina, tumwite nani?