Spika za Chumba cha Karanga

Jumanne, 1 Julai 1975

Kuanzia Isaka mpaka Geita hakuna mzee mwenye masikio mawili kama yangu.

Uongo. Ninalo moja. La kushoto nililiacha mgodini Geita. Baruti ilisema neno moja tu, nalo likastaafu siku hiyohiyo. Lakini hili la kulia! Niko kwa jirani nalisikia likimsikia mke wangu Mbuke akifunua chungu.

Theonest kaniletea mashine ya tepu kutoka Mwanza, na amplifaya yake, na betri ya lori. Mwanangu huyo, mwalimu. Spika hakuleta. Eti baba, spika mtu huchagua mwenyewe, kama mke. Nikamwambia mke sikuchagua, nilichaguliwa. Mama yake alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Chumba ninacho. Ndiyo ile stoo ya karanga ya Mbuke. Tukikaa wawili na mashine, wa tatu magoti yake yatamgusa kidevu. Si cha kulala, si cha wageni, kuku marufuku. Cha kusikiliza tu! Kagongwa nzima wanasema nimerogwa.

Na cha kusikiliza ni tepu moja. Bruda wa misheni aliinasa Kharumwa, mavuno ya kwanza baada ya Uhuru. Vyama vyetu viwili vya ngoma, Bagika upande huu wa uwanja, Bagalu upande ule, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ngoma kubwa ya Bagika — mimi. Ya Bagalu — Mageni. Mpaka leo Mageni anasema ngoma yangu ilikatika katikati, ndiyo maana watu walihamia kwao. Yaya, hapana! Haikukatika. Lakini kwenye kimashine cha Bruda utasikia watu wanaimba kama nzi ndani ya kopo, ngoma hakuna kabisa. Basi tunabishana tu, mwaka hadi mwaka.

Jana tumewekeana dau. Saba Saba anakuja kusikiliza. Ngoma ikiwa haikukatika, ataniamkia shikamoo mpaka mmoja wetu azikwe. Ikiwa ilikatika, nimwamkie mimi. Mageni! Tuliyechunga naye ndama! Afadhali niwaamkie mbuzi wake.

Kwa hiyo nataka spika inayotoa ngoma.

Alhamisi, 3 Julai

Nimekwenda kwa Donatus wa baa. Anazo mbili, kimo cha ndama wa mwaka. Kasema hizi zikiimba Kagongwa, watu wa Isaka wanafungua madirisha. Nikasema maneno hayanunui kitu. Nikaweka ungo wa karanga juu ya sanduku, nikamwambia washa.

Karanga ziliruka! Nyingine zikaingia kwenye bia ya mteja. Nikajua spika ndiyo hii.

Kaniazima nizijaribu. Zimekuja na mkokoteni wa ng'ombe, watu wametoka nje kuangalia kama kuna msiba. Ya kwanza imepita mlangoni kwa kuchubua udongo. Ya pili imepita, mimi nikabaki nje. Nikaingia kwa kuipanda juu.

Nikawasha. VUUUM. Kila kitu ngoma! Wimbo ngoma, makofi ngoma, Bruda akikohoa — ngoma. Vumbi la paa likanijaa mdomoni. Mbuke kasimama nje na mikono kiunoni. Hapo ngoma yako ni ipi?

Zote, nikasema.

Basi Mageni atasema hiyo ni ngoma ya Donatus.

Mwanamke huyu. Anasema kweli wakati mtu hajajiandaa.

Ijumaa, 4 Julai

Duka la Akida. Huyu babu yake alitoka pwani kwa miguu, kwa hiyo ni mtani wangu halali, na hajawahi kuniuzia hata sindano bila kunitukana. Leo: Msukuma na spika wapi na wapi? Utazikamua? Nikamwambia nyinyi wa pwani mlikuja kwetu mmebeba mizigo ya wenzenu kichwani, wewe nibebee hizi mpaka nyumbani, usije ukasahau kazi ya ukoo.

Na kabeba! Baada ya sala. Spika zenyewe ndogo, mbao inang'aa, kama visanduku vya bibi harusi. Nikacheka. Hizi zitatoa ngoma au zitatoa hereni?

Kaingia chumbani, kapiga kofi moja, kasikiliza ukuta. Kasema kuta tupu zinarudisha sauti kama mke mkali. Tundika magunia ya pamba. Tumetundika. Kasema zisibane ukutani, na zisikae chini, zikae juu ya vigoda. Kaweka moja hapa, moja pale, kanivuta kanikalisha mbele yake. Mafiga matatu, mtani. Wewe figa la tatu. Ukisogea, chungu kinamwagika.

Nikamwuliza, na mwenye sikio moja?

Mbuke akadakia toka mlangoni: la kushoto nitasikiliza mimi.

Lakini betri imekufa. Yale madume ya Donatus yameinywa yote. Imepelekwa kwa Ignas wa mashine ya kusaga ikachajiwe.

Jumapili, 6 Julai

Betri imerudi. Tumekaa, mimi na Mbuke, begani kwa bega kama wachumba.

Lo!

Nilisikia njuga. Si "njuga" tu — mguu wa nani, na mguu wa nani. Mtoto analia halafu ananyonyeshwa. Mtu anamwambia mwenzake asogee. Halafu ngoma. Haivumi, haina haraka. Ngozi yenyewe, na mikono yangu juu yake, mikono ya wakati ule! Hivi visanduku! Macho yalitoka jasho, nikasema ni vumbi la pamba.

Halafu ngoma ikakatika.

Ikakatika kabisa. Wimbo unaendelea, njuga zinaendelea, ngoma — kimya. Na katikati ya kile kimya, wazi kama mtu yuko chumbani: chafya. Halafu chafya nyingine, ndefu, yenye mkia. Makelele ya watu yakaanza kwenda mbali, mbali, upande ule wa Bagalu. Ndipo ngoma ikarudi, kama mchumba aliyekuta harusi imekwisha.

Nikamwambia Mbuke hiyo ni chafya ya Bruda.

Bruda alikuwa ananusa ugoro kama wewe? Chafya hiyo nimelala nayo kitanda kimoja tangu Mwingereza yupo. Akacheka mpaka akashika gunia. Na kwao ni Bagalu! Damu haizeeki.

Basi nimeona faida ya spika mbaya. Nikayaingiza tena chumbani masanduku ya Donatus, nikarudia palepale: VUUUM, chafya haipo, kimya hakipo, wimbo wenyewe unaziba kila tundu. Safi! Ukweli wa Akida ni mzuri, ila hauli na watu. Nikaamua Mageni atasikiliza haya, aseme atakavyo.

Sijakaa sawa, mkokoteni mlangoni. Donatus. Anayataka, kesho Saba Saba, baa ina dansi. Nikamwambia sijamaliza kuchagua. Kasema mzee, chagua polepole, yakiwa kwangu.

Yameondoka. Vimebaki visanduku vinavyosema kweli.

Jumatatu, 7 Julai — Saba Saba

Mageni kafika jua halijapata moto. Kofia mpya. Hatujasalimiana, tunangoja. Namwambia karibu, ananijibu kwa kuguna.

Yumo chumbani. Kakaa pale figa la tatu, kafumba macho kama padre. Nimempigia wimbo wa mwanzo tu. Kasema spika nzuri hizi, jamaa yangu. Nawasikia hata nzi wa siku ile. Halafu katabasamu! Sasa nimezima, nimemwambia waya umelegea, naufuata dirishani. Naandika nimeegemea ukuta wa nje. Anagonga kigoda. Waya gani huo, unausuka?

Mbuke yuko kinuni. Nimemnong'oneza.

Mama Theonest. Ulipompa mdogo wako jogoo wangu ukasema kaliwa na kicheche, mimi nilijua. Nilinyamaza. Nilimlaani yule kicheche mbele ya ndugu zako wote, kwa jina la babu zangu, mnyama asiye na kosa. Una deni langu.

Kasema, unataka nini?

Kitu kidogo. Ngoma ikikaribia palepale inapokatika nitakohoa. Uanze kutwanga. Mkono wa Bagika, taratibu, usikimbie kama wa kwenu. Nikikohoa tena, acha.

Na chafya nani ataitwanga?

Chafya niachie mimi, nitapiga yangu juu yake.

Kaangalia ndani ya kinu. Hakina kitu, nimekwisha kutwanga, kasema. Na mchi kaulaza chini, na mdomo wake unacheza.

Mageni anaita tena. Mbuke, mama, okota mchi. Twanga kinu kitupu. Twanga hewa tu, mke wangu —