Mkono wa Agnella

Viwanja Sitini,
Ifakara.
9 Aprili 2024

Mpendwa shemeji Barnaba,

Salaam nyingi. Habari za Sumbawanga na baridi yenu? Goti lako limepona? Mimi ni mzima. Miaka sabini na nne, mpunga napalilia mwenyewe na vijana nawaacha nyuma.

Dada yako Agnella si mzima. Kwenye simu sauti inanikatika, ndiyo maana naandika.

Ile kansa ya titi walimkata, wakamchoma mionzi Dar mwaka jana, ikatulia. Baada ya Krismasi mkono wa upande ule ukavimba. Nesi wa hapa akatueleza kwamba upasuaji na mionzi vimeharibu njia za maji ya mwili pale kwapani, wenyewe wanayaita limfu. Yakikosa pa kupita yanajaa mkononi. Tumfunge bendeji, tumkande polepole kwenda juu, na mkono ule usiguswe na wembe.

Niliitikia. Kufika nyumbani nikasema haya ni matende. Mimi nimezaliwa bonde hili, baba yangu alikuwa nayo mguuni, nani anifundishe? Nikaifungua bendeji, nikampeleka Lupiro kwa mganga akachanjwe chale.

Njiani alisema, "Baba Fidelis, nesi amekataza wembe."

Nikamjibu, "Kwani huyo nesi ana miaka mingapi?"

Chale kumi na nne. Siku ya tatu mkono ukawa mwekundu hadi begani, unawaka moto, mwili mzima unatetemeka. Amelazwa siku tisa. Homa imeshuka, lakini mkono umekuwa mgumu, hauingii kwenye gauni, hata kijiko hashiki.

Nesi anasema akifungwa na kukandwa kila siku, maji yanaweza kupata vijia vingine. Ni kazi ya miezi, na mkono hautarudi kama zamani. Tukiacha, utazidi kukakamaa. Sasa nikishika bendeji tu, anageukia ukutani. "Kamfunge huyo aliyenichanja." Tangu Jumapili hajaniambia neno lingine.

Shemeji, mimi sijawahi kumwomba mtu. Nimejifunza kwa kufunga mguu wangu mwenyewe, kuanzia vidoleni, nesi akakagua akasema sawa. Agnella hata haangalii.

Wewe ni kaka yake, anakusikia. Njoo, nakuomba. Usimwambie anisamehe. Mwambie anipe mkono nifunge, anichukie huku nafunga.

Msalimie mkeo Emerensiana na kijana wenu Beatus. Mungu awalinde, asiwape kichwa kigumu kama changu.

Wako akupendaye,
Dionisi