Darasa Limebaki, Sindano Hayupo

Chumba cha uani,
Nyuma ya mashine ya kusaga.
Jumapili, 9 Februari.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Huku hatujambo. Mama amepona kikohozi, na anasema: mwambie wifi yangu nimemnunia, maana kimya chake kimezidi. Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa, na sina wa kumweleza ila wewe.

Unakumbuka nilivyofeli uhasibu mwaka jana katika chuo cha jioni. Sikukuandikia yote. Niliacha kwenda darasani, na kazini nikajificha nyuma ya dirisha langu la vyeti, nikiwaandikia watu vizazi na vifo bila kuinua uso. Siku moja akaja Sindano, yule fundi cherehani niliyesoma naye na kufeli naye, akapanga foleni kama mteja. Zamu yake ilipofika akasema kwa sauti, "Nataka cheti cha kifo."

"Cha nani?" nikauliza.

"Chako. Hata salamu siku hizi huitikii."

Foleni nzima ilicheka, mpaka bosi wangu akatoka kuangalia kuna nini. Jioni ile nilirudi chuoni.

Sisi tunaorudia mwaka tunaitwa viporo. Tunakaa nyuma, karibu na mlango, na wageni, wale wanaoanza mwaka huu, wakitupita husema, "Angalieni msichache!" Sindano alinilazimisha niwahi kabla ya kipindi niwaeleze wenzangu yale yaliyoniangusha, kwa kuwa mahali pa kuteleza napajua vizuri. Wakaanza kuja wawili, kisha benchi zima. Ulipofika wakati wa kuchagua kiongozi wa darasa, alisimama akanitaja. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, hakunyamaza. Hata wageni walinichagua. Shangazi, mimi ninayeogopa kugonga mlango wa bosi!

Mwezi uliopita mkuu wa chuo alitaka kulifunga darasa la jioni, kwa sababu viporo tumekuwa wengi kuliko wageni. Mchana wote tuko makazini, kwa hiyo kufungwa kwake ni kwisha kwetu. Nilikwenda kumwona. Niligonga mlango, nikasema yote niliyotumwa. Alikubali kwa sharti: viporo tufanye mtihani wa majaribio, na atakayefeli asirudi. Niliwapelekea wenzangu maneno hayo, nikawaambia wasiogope kukataa. Mkono wa kwanza kuinuka kukubali ulikuwa wa Sindano.

Tulifaulu sote, isipokuwa yeye.

Shule zilikuwa zinafunguliwa, naye alishona sare mpaka vidole vikavimba. Kitabu alikuwa akikifungua huku anasinzia. Nilimwomba mkuu ampe nafasi moja tu. Alikataa, akaongeza kwamba kumpa habari ni kazi yangu. "Kiongozi si wa habari njema peke yake," alisema. Nilimchukia, Shangazi, na bado sijui kama alikosea.

Nilimkuta Sindano kibarazani kwake, mguu kwenye pedali ya cherehani. Hakuningoja nianze.

"Uso wako umeshatoa tangazo," alisema.

Nikamwambia nitamfundisha mwenyewe kila Jumapili, mwakani aombe upya. Alikata uzi kwa meno.

"Mwenzangu, kiporo ukikipasha mara ya tatu kinaunguza sufuria. Niache nishone."

"Nisamehe basi."

"Nikusamehe nini? Ungenyamaza tungetoka sote. Nenda, utachelewa kipindi."

Nikaenda. Niliongoza kipindi cha marudio jioni ile, nikacheka walipocheka, nikarudi nyumbani nikalia hadi Mama akaja kukaa nami.

Leo nimemngoja tangu asubuhi, vitabu vikiwa mezani, kama nilivyomwahidi. Hakuja. Nadhani hatakuja.

Wananiita kiongozi, nami naitika. Ila aliyenifundisha kusimama ndiye niliyemwambia asirudi. Ninaogopa, Shangazi, kwamba kuongoza ndiko huku, na kwamba nimeanza kuiweza kazi hiyo.

Nisalimie Babu, umwambie miwani yake mipya tumeiona kwenye picha na inampendeza. Wasalimie na binamu zangu mapacha, wasiniite mheshimiwa. Mdogo wangu wa mwisho anauliza utakuja lini. Nami nauliza vilevile.

Mungu akutunze huko uliko, na akurudishe kwetu kicheko chako kikiwa kizima.

Nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika,
Mtoto wa kaka yako.