Mapigo ya Shaba Hayashuki

Jumamosi, jioni. Manyunyu tangu asubuhi, na Mlima Kwaraha haujaonekana kutwa nzima. Nimeshinda na nguo zilezile za mazoezi, zimelowa na matope. Hakuna wa kuniambia nibadilishe.

Leo nimemkosea farasi wangu.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni Baba Neema wa Singe, na sijasikia mtu mwingine anayefuga farasi hapa Babati. Huyu wangu, Shaba, niliachiwa na bosi niliyekuwa nikimtunzia farasi wa watalii, alipofunga kambi. Baada ya wiki tatu tunakwenda Arusha kwenye mbio zetu za kwanza za masafa marefu, kilomita arobaini za wanaoanza. Ukimaliza, daktari wa mifugo anampima farasi moyo, na ndani ya nusu saa lazima mapigo yawe yameshuka hadi sitini na nne kwa dakika. Yasiposhuka mnaondolewa, hata kama mmefika wa kwanza.

Kwa hiyo mazoezi yetu ni ya kujizuia. Dakika kumi mchakamchaka, dakika kumi kutembea, na kila wiki tunaongeza umbali kidogo tu. Kilomita ya mwisho nashuka, natembea naye bega kwa bega mpaka nyumbani.

Leo ilikuwa zamu ya kwenda Bonga na kurudi. Tatizo ni Bonga.

Pale njia inapita mbele ya shamba la Mama Paulina, aliyekuwa akiimba kwaya na marehemu mke wangu. Na huku kwetu humsalimii mtu mzima ukiwa umekaa juu ya mgongo wa mnyama. Unashuka, unampa mkono, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za mahindi. Mimi sishuki. Tangu msiba, mwaka jana, kila nikikaribia kwake nambana Shaba visigino, tunapita mbio, nami nainua mkono kama diwani kwenye msafara.

Leo alikuwa amesimama ukingoni kabisa mwa njia, jembe begani.

“Baba Neema! Hata salamu jamani? Shuka basi!”

“Naharakisha, mama! Farasi akisimama anapoa!”

Uongo mtupu. Ilikuwa zamu ya kutembea. Tulikuwa tumetoka kupanda kilima, Shaba anahema, matope yanamshika miguu. Nikamkimbiza hadi nyumba za mwisho. Wakati wa kurudi nikampitisha njia ya juu, yenye mawe, ili nisionwe.

Nyumbani nilimvua tandiko, nikammwagia maji, nikamsikiliza moyo. Nusu saa ilipotimia, sabini na sita. Nikapima tena. Sabini na sita. Alisimama kichwa kimeinama, pumba hata hakunusa. Ilipita saa nzima ndipo akatulia. Nilimwomba radhi kwa sauti, mtu mzima mimi, na hakukuwa na wa kunicheka.

Nikafungua daftari la mazoezi. Siku tunazokwenda upande wa Mutuka, moyo wake unatulia mapema kabisa. Siku za Bonga unagoma. Nilikuwa nimelaumu joto, nikalaumu pumba, nikalaumu kile kilima.

Kilima hakina kosa.

Acha niseme ukweli, maana humu hakuna wa kunikatiza. Siku mke wangu alipofariki, nilikuwa kambini na farasi wa watu. Nilipigiwa simu asubuhi kwamba amezidiwa, nikajibu nitatoka jioni nikimaliza kazi. Mama Paulina ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Msibani nilimkwepa, nikajifanya nahangaika na viti na maturubai. Naogopa atakachonisimulia kuliko ninavyoogopa kuondolewa Arusha. Na woga wangu nimekuwa nikimbebesha mnyama asiyejua lolote.

Kesho Shaba anapumzika, na Jumatatu pia. Jumanne tutakwenda Bonga kwa kutembea tu, mwanzo mpaka mwisho. Nikifika kwa Mama Paulina nitashuka. Nitampa mkono, nitauliza habari za watoto na za mahindi.

Halafu nitamuuliza kama Mama Neema aliniulizia.