Mahari kwa Mzee Mmoja

Jumanne, 10 Februari

Madaftari ya darasa la nne, yote hamsini na nane. Insha: Shule Yetu. "Shure yetu iko kalibu na balabala." Nimepiga mistari myekundu mpaka kalamu ikakauka. Ulimi wa Kihangaza una r moja inayofanya kazi zote mbili, na mimi nalipwa nipigane nayo. Miaka kumi na tisa sasa. Naona inanishinda.

Mvua tangu saa nane. Maharage nyuma ya nyumba yanadai palizi.

Anisia hajapiga. Mdogo wangu huyu hakai siku mbili bila kunipigia, hata kama ni kuniuliza tu nimepika nini. Ujumbe wake wa mwisho ni wa Alhamisi iliyopita. Namba haipatikani. Jioni amepita dereva wa bodaboda wa hapa Kasulo, akaniambia bila kuulizwa kwamba siku ileile alimwona Anisia na mtoto wakishuka kwenye gari Nyakahura, upande wa Biharamulo. Mvua inawanyeshea, kifuko kimoja mkononi. Anisia ameolewa Nyamiaga. Nyakahura hana mtu.

Sijala.

Jumatano, 11 Februari

Nimeomba ruhusa, nimekwenda Nyamiaga. Mume wake, Deusi, nimemkuta amekaa nje anajichokonoa meno. Anasema mke aliondoka na Jeni Alhamisi asubuhi, kosa halijui. Mtoto wa miaka mitatu hayupo nyumbani karibu wiki nzima na baba hajatoa taarifa kwa mtu. Nyuma ya jiko kuna majivu, na ndani ya majivu vifungo vya gauni. Nimeviona. Sikuuliza. Najichukia kwa kutouliza.

Nimeandikisha kituoni: mama na mtoto, hawajulikani walipo. Kisha nikafanya jambo nililoliona la akili. Nimeweka mtandaoni picha yao ya Krismasi, na ujumbe wa mwisho kama ulivyo, ili watu waone na siku ulipotumwa:

"Dada nimepata mahari kwa mzee mmoja. Jeni hajambo. Nitakupigia chaji inaisha"

Mimi niliusoma ukasomeka mahali. Amepata mahali. Pa kulala, pa kujikinga mvua. Anisia huandika anavyosema, tangu utoto. Haikunijia kabisa kwamba mtu mwingine atasoma kilichoandikwa.

Mwalimu wa Kiswahili, mimi huyu.

Alhamisi, 12 Februari

Ukurasa mmoja wa habari umeichukua picha. Kichwa cha habari: MKE WA MTU ALA MAHARI YA MZEE, ATOKOMEA NA MTOTO.

Mpaka saa sita mchana watu walikuwa wameshamjua mzee. Ni mchimba dhahabu. Hapana, ni mganga. Hapana, ni mfanyabiashara wa Kigali mwenye wake wanne. Mwingine ameandika kwamba mtoto hakuchukuliwa bure, tuangalie vizuri, wazee wa namna hiyo wanataka watoto wa kazi gani. Mwingine akazungushia duara jekundu kitu kilicho nyuma ya Anisia kwenye picha: "Begi hilo, alishafungasha." Ni gunia langu la maharage. Picha ilipigwa sebuleni kwangu.

Na chini kabisa, mwenye hekima wao: Lisemwalo lipo.

Lipo wapi? Lipo kwenye simu yako, mpumbavu wewe.

Ijumaa, 13 Februari

Kituoni. Askari mwenyewe kijana mpole, hata kiti alinipa. Akanionyesha simu yake. Mwalimu, huyu kaolewa, ameandika mwenyewe. Nikamweleza: hiyo r ni l. Amepata mahali, hakupata mahari. Akatikisa kichwa taratibu, kama unavyomtikisia mfiwa. Akasema watafuatilia, ila wana kesi za watu waliopotea kweri.

Kweri. Alisema kweri. Nikamtazama nione kama amejisikia. Hakujisikia.

Nimetoka pale nikicheka peke yangu barabarani. Mama mmoja mwenye ndizi akanipisha njia.

Jumapili, 15 Februari

Sikwenda misani. Deusi alikuwa mubashara kwenye ukurasa ule, amevaa shati la harusi yake. Analia bila machozi. Anasema alimpenda mke wake kama yai. Watu wanamtumia mioyo na mikono ya sala. Kaka yake akakaa kando na kusema ukoo unataka ng'ombe wao warudi, kwani mwanamke hawezi kulipiwa mahari mara mbili.

Kwa hiyo kosa la herufi moja limeshakuwa ng'ombe.

Kuhusu Jeni hakusema neno. Dakika arobaini. Nimesikiliza zote, kwa makusudi, nipate uhakika.

Jumatatu, 16 Februari

Nimeandika maelezo, nimeyaweka mtandaoni kwa jina langu kamili. Nimeeleza r na l. Nimetoa mifano: chakura, mwarimu, kurara. Nimesema mdogo wangu na mtoto wake wako mahali fulani Biharamulo, wanahitaji kutafutwa, hawahitaji kuchekwa.

Majibu. "Mwalimu wa Kiswahili anatetea umalaya kwa tahajia." "Watoto wetu wanafundishwa na hawa?" "Nyie Warundi rudini kwenu." Babu yangu alichoma matofali ya kanisa la kwanza hapa. Na hata kama ningekuwa Mrundi, mtoto wa Mrundi hapotei?

Mwalimu mkuu ameniita ofisini. Nifute, shule inatajwa. Nimemwambia sifuti. Akasema anashauri tu. Nimemwambia nimeupokea ushauri na sifuti. 

Sifuti.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Padre amenipaka, nikakumbuka yale majivu mengine yenye vifungo.

Nitaandika hapa, kwani hakuna mwingine wa kumwambia.

Mwezi wa kwanza, wiki ya kufungua shule, Anisia alikuja kwangu na Jeni mgongoni. Deusi alikuwa amemchomea gauni. Si mara ya kwanza. Alisimama mlangoni, hakuingia, akasema: "Dada, una mahari pa kutuweka?"

Nikamjibu: "Mahali. Si mahari."

Hilo ndilo lilikuwa jibu langu la kwanza. La pili lilikuwa kwamba ndoa ni kuvumilia. Nikampikia chai, nikamsindikiza mpaka barabarani. Nyumba yangu ina vyumba viwili. Kimoja kina kitanda changu. Kingine kina magunia, jembe bovu, na madaftari ya miaka yote ambayo sijui nayatunzia nini.

Kwa hiyo alipoandika amepata mahari kwa mzee mmoja, alikuwa ananijibu. Mzee asiyemjua alimpa alichonyimwa na dada yake.

Wale wa mtandaoni wamekosea neno. Mimi nililisikia sawasawa, nikalisahihisha, nikalirudisha njiani.

Ijumaa, 20 Februari

Ukurasa umeandika: mwili wa mwanamke waokotwa porini Biharamulo, wahisiwa ni yule wa mahari. Hakuna jina la aliyeuona, hakuna kituo, hakuna kitu. Wameweka picha ya msitu tu. Pole zinamiminika, na wengine wameandika amevuna alichopanda.

Nimefungasha nguo mbili.

Nimemwandikia mwalimu mkuu barua ya kuomba ruhusa ya siku nne. Nimeiacha mezani kwake bila kusubiri jibu. Kama atanishtaki, anishtaki.

Jumamosi, 21 Februari

Nimefika Biharamulo. Nimeuliza kituoni, nimeuliza hospitali, nimeuliza mpaka mlinzi wa chumba cha maiti, baba wa watu akanionea huruma. Hakuna mwili wowote. Kulikuwa na hadithi ya mwili, basi. Nimekaa kwenye benchi nje nikalia kwa hasira zaidi ya furaha.

Nimerudi mpaka Nyakahura. Nimenunua daftari, nimechana karatasi tisa, nimeandika tisa kwa mkono. Nimewapelekea makatekista wa vigango, makanisa madogo ya huku, wazisome kesho kwenye matangazo. Sikuandika mahari. Sikuandika aliyetoroka. Nimeandika: Anatafutwa mama kijana, Mhangaza, mwenye mtoto wa kike wa miaka mitatu, ambaye siku ya mvua kubwa aliomba mahali pa kukaa. Aliyemkaribisha hana kosa. Dada yake anataka kumshukuru.

Katekista mmoja alisoma kwa sauti anijaribishie. "Ariomba mahari pa kukaa." Nikamwambia vizuri sana, baba. Soma hivyohivyo.

Jumapili, 22 Februari

Kigango cha kwanza, hakuna. Cha pili, hakuna. Watu wamenitazama tu. Hakuna aliyetoa simu kunipiga picha, nashukuru.

Saa tisa alasiri, mama mmoja wa kigango cha juu, miguu imejaa tope, amenifuata nilipofikia. Anasema kuna mzee Simeoni na mkewe asiyeona, shamba lao la maharage lilikuwa limemezwa na magugu, sasa wiki mbili hizi limekuwa safi. Mzee hana nguvu ya kupalilia vile. Na kuna sauti ya mtoto.

Kesho asubuhi ananipeleka.

Jumatatu, 23 Februari

Nimemwona kwa mbali kabla hajaniona. Ameinama kwenye maharage. Jeni kavua viatu, anachezea magunzi kwenye jamvi la bibi.

Mzee Simeoni na mkewe walikuja na wakimbizi zamani sana, wakabaki. Siku ile ya mvua alimkuta Anisia kwenye baraza ya kigango, mtoto ana homa, simu imelowa maji. Akawachukua. Simu ilituma ule ujumbe mmoja ikazimika, haijawaka tena mpaka leo, na namba yangu imo ndani yake. Hakuna kingine. Hiyo ndiyo siri yote.

Anisia hakunikumbatia mara moja. Alifuta jembe kwanza. Akaniuliza nani kanituma. Nikamwambia sikutumwa. Nikamwomba msamaha kabla sijakaa, maana najijua, nikikaa ningeanza kutoa sababu. Alinipima kwa macho toka juu mpaka chini. Kisha akasema nimekonda.

Habari za mtandaoni hakuwa nazo. Nilipomweleza neno mahari alicheka, halafu kicheko kikakatika. Mzee alipoelewa kwamba dunia nzima inamtaja kama bwana harusi, alimgeukia mkewe akamfasiria Kirundi. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema kama ni hivyo yeye anadai talaka yake kwanza.

Wakati wa kuaga nilimshika mzee mikono miwili, nikarudia shikamoo ingawa nilishamwamkia. "Marahaba, mwarimu," akasema. "Mahari papo. Hata wewe siku ukikwama, njoo."

Alhamisi, 26 Februari

Kituoni nimetoa taarifa: wote wawili wako hai, wameonekana kwa macho yangu. Afisa ustawi wa jamii amezungumza na Anisia kwa simu yangu nikiwa kulekule kwa mzee, anajua walipo, na malalamiko ya kuchomewa nguo yameandikwa. Askari yule mpole ameandika yote. Hakunitazama usoni.

Deusi amekuja mpaka shuleni kuuliza mahali alipo mkewe. Nimemwambia aulize ustawi. Akasema mimi ndiye ninayevunja nyumba yake. Nimemwambia ndiyo, na kama kuna tofali limebaki anionyeshe. Watoto wa darasa la nne walikuwa dirishani, wamesikia. Wasikie.

Mwenye ukurasa ule wa habari amenipigia mara sita. Anataka picha moja tu, ya mama na mtoto, watu wapate kuamini. Eti wananchi wana haki ya kujua mwisho. Nimemwambia mwisho upo ila si wake. Sasa wameanza kuandika kwamba nimemficha, kwamba nimelipwa na mzee, kwamba pengine ni kweli alikufa.

Waandike. Walikuwa na siku kumi na nne za kumtafuta mtoto, wakatafuta begi. Picha sitoi, na maelezo yangu ya mwanzo bado yapo pale, na jina langu lipo chini yake.

Jumanne, 3 Machi

Mvua imepungua. Nimetoa magunia chumba cha pili, na jembe bovu. Madaftari ya zamani nimewapa wauza karanga wakafungie. Kitanda cha Jeni kinatoka kwa fundi kesho. Anisia atakaa kwa mzee mpaka maharage yavunwe. Amesema hawezi kuwaacha katikati ya msimu. Ana haki. Amepewa simu ya tochi na katekista, na jana alinipigia kuuliza nimepika nini.

Jioni, madaftari ya darasa la nne. Insha: Kwetu. Kuna mtoto mmoja wa nyuma kabisa, hasemi, mwandiko wake unapanda mlima. Ameandika sentensi nne tu. Ya mwisho: "Kwetu ni mahari pa kurara mgeni."

Nimekaa nayo. Chai imepoa.

Nimesahihisha, maana mtihani ni mtihani. Chini yake nimeandika: Nimekuelewa.