Ati Mdomo Wangu Umeharibu Bastola ya Rukia

Kaka Mohsin,

Tangu tukuzike, Mji wa Kale wote umeniegemea mimi. Hakuna posa inayokubaliwa wala ugomvi wa ukuta unaoamuliwa bila watu kuuliza kwanza, "Twalibu asemaje?" Juzi mashekhe watatu, watu wa elimu zao, walisimama juani wakinisubiri nimalize kahawa ndipo wajue mwezi umeandama au haujaandama. Ndiyo hali yangu. Mola akunawirishie kaburi lako na akupe kauli thabiti.

Lakini leo nakuandikia kwa hasira. Kalamu imeshatoboa karatasi mara mbili. Na nakuandikia wewe kwa sababu nimekula yamini nisimwambie mtu, na wewe peke yako ndiye ambaye nikikwambia sitalaumiwa. Hii karatasi nikishamaliza nitaichana mwenyewe, vipande vipande.

Mwanao Rukia ndiye akaaye dukani kwako sasa. Kigoda chako kile kile, koleo zako zile zile. Dhahabu aisugua vizuri kushinda wewe, usinune, mimi ndiye niliyemwelekeza. Na ile kazi yako ya kupeleka vyombo vya maharusi nyumba kwa nyumba hakuiacha. Basi mwezi wa Shaabani uliopita, harusi zimejaa, alikuwa akipeleka seti ya bibi harusi mmoja Bondeni. Mchana kweupe, Kaka! Watu wanatoka kuswali adhuhuri, kanzu zimetapakaa njia nzima! Wakaja wawili na pikipiki, wakaushika mkoba. Naye ana ukaidi wako, akakataa kuachia. Walimburura kutoka mlango wa msikiti mpaka kwa muuza mabati. Mkoba ulikwenda, na kifundo cha mkono wa kushoto kikavunjika.

Na watu wale wa kanzu wakafanya nini? Walisema "La haula." Basi. Mimi siku ile nilikuwa Ganjoni kwa shughuli kubwa, na ningalikuwapo, wallahi, pikipiki ile ningaliinyanyua na watu wake juu.

Unakumbuka siku zako za mwisho, ulipokuwa huwezi hata kumeza uji? Ulinishika mkono huu, ukaniambia, "Twalibu, mtoto huyu." Hukumaliza. Nami nikasema, "Usiwe na wasiwasi." Basi nilipomwona mkono umefungwa plasta, nilihisi wewe wanitazama. Sikulala vizuri. Na alipofunguliwa plasta aliniambia maneno haya: "Ami, duka la Baba sifungi. Nataka bastola, ya halali, yenye leseni."

Mtoto wetu wa kike! Nilipiga kelele mpaka majirani wakafungua madirisha. Yeye alijaza fomu, akapata cheti cha tabia njema, akapimwa na daktari wa mwili na wa akili, akahojiwa mara mbili. Kibali kikatoka. Ikabaki kuchagua.

Sasa, katika ukoo huu ni nani ajuaye silaha kama si mimi? Miaka miwili jeshini! Najua utasema nilikuwa jikoni. Jiko la jeshi ni jeshi vilevile. Basi nikamwambia, "Bastola ya kwanza haichagui mtoto peke yake, nitakwenda nawe." Na kwa kuwa ni jambo la fahari, niliwataarifu watu barazani. Nikamwambia muuza kahawa, fundi cherahani, na wachukuzi wawili watatu pale Marikiti waliponisaidia na kikapu. Kuna ubaya gani? Nilitaka wezi wasikie waogope!

Tukavuka bara, kwenye uwanja wa kufundishia shabaha. Mwalimu mwenyewe mwanamke, Mtaita, mfupi, msalaba shingoni, jina lake Madam Mghoi. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo mzee," nikamwona ana adabu. Adabu ile ilikwisha papo hapo.

Mezani kulikuwa na bastola saba, zote tupu, kila moja ameifungua akatuonyesha ndani hamna risasi. Nikachukua ile kubwa kushinda zote, nyeusi, nzito kama pasi ya makaa. Nikamwambia Rukia, "Hii. Mwizi akiiona tu atatubu." Madam Mghoi akaitoa mkononi mwangu kama anavyonyang'anywa mtoto kisu. "Mzee, ashike yeye. Atakayeibeba ni yeye." Rukia akaishika, kidole hakikufika hata pale pa kufyatulia.

Haya, nikasema, basi hii ndogo, nzuri ya kike, yaingia mkobani kama chupa ya marashi. Kaka, yule mwanamke alinicheka! "Ndogo ndiyo inayoruka mkononi zaidi, mzee. Ni nyepesi, haina cha kuizuia. Anayeanza akipewa hii atapiga mara mbili, kisha ataiogopa maisha yake yote. Na mkobani? Si mkoba ndio uliopokonywa?"

Nikairudisha mezani. Mimi nimekwenda kuhukumu magomvi ya watu wazima, nakuja kusomeshwa mbele ya mtoto wa ndugu yangu!

Akamshikisha zote, moja baada ya moja. Yule Madam alimfanya kila moja aivute sehemu ya juu irudi nyuma, kwa mkono ule uliovunjika. Nne za kwanza zilimshinda. Nilimwona anauma mdomo, kama wewe ulivyokuwa ukiuma mdomo pini ya hereni ikikataa kuingia. Akavuta, ikateleza. Akavuta. Ikateleza. Nikageuka nikatazama ukuta, kwa sababu vumbi la pale ni baya, laingia machoni. Ya tano ikavutika. Ya wastani, haina urembo, springi yake laini. Akaambiwa apige risasi kumi, akapiga, saba zikaingia kwenye duara. Kisha akafundishwa pa kuivaa, kiunoni ndani ya buibui, na jinsi ya kuifungia nyumbani, ndani ya sanduku la chuma, risasi kando, ufunguo kwake peke yake. Nikasema, "Na mimi nipewe ufunguo mmoja." Wakasema "Hapana" wote wawili, kwa sauti moja.

Nikadhani tumemaliza. Yule mwanamke akakaa chini, akauliza taratibu, "Rukia, ni nani anayejua kuwa umekuja hapa?"

Rukia akanigeukia. Alinitazama tu.

"Wachache," nikasema.

"Wangapi, mzee?"

Nikaanza kuwataja. Nilipofika kwa wachukuzi wa Marikiti akanyanyua mkono. Akasema mwizi akijua mwanamke fulani ana bastola, hamkimbii. Anaifuata hiyo bastola. Tena haji kwa mbele wala haji mikono mitupu. Kosa kubwa la wanaoanza si kuchagua kubwa wala ndogo, ni kudhani kuwa bastola ikitajwa tu itawalinda. Akasema, "Mimi siwezi kumshauri aichukue ilhali mji mzima unamngojea."

Njia nzima ya kurudi Rukia hakunitukana. Afadhali angalinitukana! Tulipofika mlangoni pako akasema polepole, "Basi, Ami. Baada ya Idi ya kuchinja nitafunga duka. Vyombo vya Baba nitavipeleka kwa masonara wengine." Akaingia akaanza kuzifunga koleo zako ndani ya gazeti.

Ndio nikuulize, Kaka: ni mimi niliyemvunja mkono? Ni mimi niliyepanda pikipiki? Wezi wanatembea mjini vifua mbele, wenye kanzu wanasema "La haula," na anayelaumiwa ni Twalibu kwa sababu ana mdomo! Umri huu wote watu wamekunywa hadithi zangu na kahawa, wanacheka, wanataka nyengine. Hakuna aliyewahi kusema, "Nyamaza, utaua mtu." Wewe ulikuwa ukinambia nipunguze nusu, nawe ukicheka. Ungalinikanya kwa kweli! Nimekukasirikia hata wewe, nisamehe. Umekwenda ukaniachia nusu zote mbili.

Nikakaa siku mbili nikifikiri. Kuwaambia watu "msiseme" ni kuwapa la kusema. Mji huu hausahau habari mpaka upewe nyengine tamu zaidi. Basi baada ya alasiri nikaenda barazani, nikaketi, wakaanza wenyewe: "Ehe, Twalibu, mwanenu kapata bastola gani?"

Nikasema, "Rukia? Sinambie! Yule bastola ataipeleka wapi? Niliyetaka ni mimi. Rukia nilimchukua anisomee fomu, na nilivyowaambia mwanzo niliwadanganya, nikiona haya. Na nimekataliwa."

Wakaweka vikombe chini. Hawajawahi kunisikia nikisema nimekataliwa na kitu. Nikawapa yote. Nikawaambia nilipewa nipige risasi moja ya majaribio, nikajipanga kama jemadari, nikafumba macho yote mawili, nikafyatua. Kwa mshindo ule nikaanguka chali, kikoi kikaniacha, kikakaa kando peke yake. Mbele ya wanawake wawili, mmoja Mkristo.

Kaka, hujaona watu wakicheka hivyo. Fundi cherahani alishika nguzo. Muuza kahawa alijimwagia. "Wewe uliyepigana na jini la Likoni ukashinda! Bastola imekuvua nguo!" Toka siku ile habari ya Rukia haipo. Ipo yangu. Sasa nina jina, naitwa Bwana Kikoi. Nikipita Marikiti wachukuzi waniambia, "Mzee, funga vizuri, kuna upepo." Shekhe mmoja, kati ya wale watatu, aliniuliza kama sala yangu ya siku ile ilikuwa sahihi. Mimi! Wananifanya kichekesho, nami siruhusiwi hata kujitetea!

Duka liko wazi. Leo asubuhi nilipita, koleo zimetoka gazetini, mwanao amekaa juu ya kigoda chako anatia nakshi kikuku, kidole chake cha mwisho bado hakikunjiki sawasawa. Kama aliirudia ile ya tano au hakuirudia, hilo sikuandikii. Wewe ni babake, huko uliko utajua. Aliniita, "Ami, njoo unywe chai," akanimiminia kikombe chako. Dakika kumi nzima sikusema kitu, nikahisi kifua kitapasuka.

Basi lala salama, kaka yangu. Nakuahidi: jambo la mtoto huyu halitatoka tena kinywani mwangu, nikiwa mzima wala nikiwa na homa. Kila Ijumaa nitakusomea Yasini, na wakinicheka njiani nitacheka nao, ingawa sipendi, wallahi sipendi.

Na kwa kuwa wewe huwezi kumwambia mtu: yale niliyowapa barazani, wao wadhani nimetia chumvi kama kawaida yangu. Sikutia. Yule Madam alinipa risasi moja kwa heshima ya umri, na mambo yalikwenda hivyo hivyo, kikoi na vyote. Rukia ndiye aliyeniokotea, akanipa huku ametazama upande wa pili.

Nduguyo,
Twalibu