Kaya ya Mia Mbili na Hamsini

Nyarwiri, Ngara
1 Oktoba 1978

Mume wangu mpenzi Theonest,

Pokea salamu zinazonukia kama shamba la kahawa likichanua. Hali yako? Natumaini huli kiporo, na hupandi juu ya kenchi mvua inaponyesha, maana hilo paa la Biharamulo wanaweza kulingoja, lakini mimi mume ninaye mmoja tu. Mimi ni mzima kabisa. Mama naye ni mzima; miguu inamsumbua asubuhi, jua likipanda inatulia. Leo ni siku ya kumi na moja tangu uondoke. Harusi yetu ina wiki tatu, na bado nikiitwa mke wa Theonest nageuka kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi.

Nina habari! Mwenyekiti Gaspari alikuja hapa nyumbani, akavua kofia, akaniita karani. Mimi! Wilaya inataka maelezo ya kijiji chetu: kiko wapi, kimetoka wapi, kina watu wangapi. Tukifikisha kaya mia mbili na hamsini tunaandikishwa kuwa kijiji kamili. Tukipungua, tunaunganishwa na wenzetu wa kilima cha pili, na huenda tukahamishwa tena. Mama aliposikia alikaa chini. Alisema mwaka 1974 alibeba mlango wake kichwani kutoka mtoni hadi huku juu, na shingo hiyo haipo tena.

Basi nikaandika. Usicheke. "Nyarwiri iko juu ya mgongo wa kilima, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka Ngara mjini. Upande wa magharibi bonde linashuka hadi Mto Ruvubu wenye mafunjo kando zote, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Asubuhi ukungu hujaa bondeni, na majogoo wa nchi mbili huwika pamoja." Gaspari akasema, "Binti, wilaya hawakuuliza majogoo." Nikawafuta kwa uchungu. Kwenye historia niliandika kwamba wazee walikaa mtoni tangu enzi za babu zao, wakapita Wajerumani, wakapita Waingereza, na kila aliyepita alihesabu vichwa. Mwaka 1972 walivuka ndugu wa ng'ambo wakikimbia mauaji, na wengine wamebaki, wameoa, wanalima. Mwaka 1974 wote wakapandishwa kando ya barabara, nyumba kwa mistari.

Kuhesabu ndiko kulikonichekesha. Kaya ni jiko, ndivyo tulivyoambiwa: penye moto wake pana kaya yake. Mzee Bigirimana, yule mwenye wake wawili, akauliza, "Mimi ni kaya moja au mbili?"

"Unakula wapi, mzee?"

"Kote."

"Na ukigombana na wote?"

"Hapo silali njaa, nakuja kwako, mwenyekiti." Watu walicheka hadi mbuzi wakakimbia. Tukamwandika mbili.

Tulipomaliza, watu walikuwa elfu moja mia moja themanini na saba. Kaya: mia mbili arobaini na tisa! Gaspari akashika kichwa. Mimi nikafikiri, na sisi je? Najua desturi: mke mpya hupikia jikoni kwa mama mkwe hadi mama mwenyewe siku moja ampe mafiga yake. Lakini Theonest, kijiji kizima kianguke kwa sababu ya jiko moja? Nikaokota mawe matatu, nikayapanga nyuma ya nyumba, nikabandika maharage. Mama akasimama mlangoni, akautazama moshi, akasema tu, "Chumvi unayo?" Sahani ya kwanza nilimpelekea yeye.

Kisha nikachukua kalamu na kuandika kwa mwandiko wangu wa mtihani: 250. Theonest Bernardo na mkewe Adelfina. Nilitazama jina lako na langu yakiwa mstari mmoja, peke yake, hadi wino ukakauka. Sisi ndio tuliokiokoa kijiji, mpenzi. Tuna nyumba yetu.

Mkeo anayekuota hata mchana,
Adelfina

*

Biharamulo
15 Oktoba 1978

Adelfina mke wangu,

Nimepokea barua yako na nimeisoma juu ya ngazi, ikabidi fundi mkuu anikemee. Mimi ni mzima, isipokuwa kidole kimoja nilikigonga kwa nyundo nikiwaza mambo yasiyokuwa ya misumari. Mama hajambo? Na wewe?

Umenijengea nyumba kabla mimi seremala sijapiga hata msumari mmoja. Wenzangu hapa nimewasomea ule mstari, wakaniita "mheshimiwa mwenye kaya" kutwa nzima. Nimefurahi, sikufichi. Tangu nizaliwe mimi ni mwana wa mjane. Nikikosea wanasema ni mtoto wa mama, nikipatia wanasema ni mtoto wa mama.

Ila Mama akikuuliza chumvi, ujue ameumia. Yeye ndiye aliyetakiwa kukupa hayo mawe. Mpigie magoti, umwombe radhi, halafu uendelee kupika naye jikoni kwake. Kwenye karatasi ya wilaya tubaki hivyo hivyo.

Kazi itaisha karibu na Krismasi. Nitakuja na kitanda.

Mumeo,
Theonest

*

Sina ruhusa ya kutaja mahali
20 Januari 1979

Adelfina mke wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mtu mwenye viatu vizito. Mimi ni mzima. Tunalala kwa mistari, tunakula kwa mistari, na mwalimu wetu ananiita Bernardo, nageuka kumtafuta marehemu baba. Hali yako? Hali ya Mama?

Sijakwambia jambo lolote la maana tangu siku ile ya lori, na hata siku yenyewe sikukwambia kitu. Siku mbili za Krismasi nyumbani, kisha mkutano, kisha lori la jeshi. Tulikuwa kumi na wawili, na wote tulijifanya tunacheka. Ninakumbuka ulivyosimama pale mlangoni pa ofisi ya kijiji na khanga ya harusi. Mama hakulia. Heri angelia.

Tunasogea kuelekea kaskazini. Adui alifika hadi Mto Kagera, sasa ametolewa, na wanasema hatutaishia hapo. Mwombeeni kila mmoja wetu.

Mwambie Mama asimnunie Gaspari. Watu kumi na wawili walitakiwa, na ilibidi mtu ataje majina.

Mumeo,
Theonest

*

Nyarwiri
11 Februari 1979

Mpenzi wangu, askari wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Barua yako nimeilalia, imekunjamana. Mimi ni mzima. Mama anakohoa kidogo, nampa asali. Mvua ni nzuri na maharage yamepanda kwenye miti yake.

Ninatembea barabarani kichwa juu. Wanawake wananipisha kisimani wakisema, "Mpisheni mke wa shujaa." Nikirudi nyumbani nazungumza na kitanda ulichotengeneza. Usiku mbili tu tulizolala juu yake! Nitakudai, Theonest, kila usiku uliobaki.

Neno lako kuhusu Gaspari nilimfikishia Mama, halikuingia. Anapita hapa kila asubuhi: "Umeamkaje, mama Theonest?" Mama anageuka na kumwuliza mbuzi ameamkaje. Mwenyekiti mzima anasimama pale mpaka mbuzi aitikie. Mimi hucheka jikoni, kisha naona haya.

Mama ananiuliza swali moja, asubuhi na jioni. Scholastika wa mstari wa tatu ni mjane kama yeye. Mwanawe Habimana ni wa pekee kama wewe, ana miaka ishirini na mbili, ana nguvu kama fahali, na yupo, anachunga. "Gaspari alimwonaje huyo asimwone? Mwanangu yeye alimkera nini?" Nimeahidi nitakwenda kumwuliza mwenyewe.

Mkeo,
Adelfina

*

Nyarwiri
18 Machi 1979

Mpendwa Theonest,

Salamu. Natumaini u mzima. Nakuomba uwe mzima. Sisi tunaendelea.

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana. Nilikwenda kwa Gaspari. Nilikwenda kwa hasira, sikusema hata shikamoo. Nikamwuliza kwa nini Habimana yuko nyumbani na mume wangu yuko vitani.

Akasema, "Keti kwanza, binti." Sikuketi. Akatoa daftari la kijiji. Kamati ilikaa, akasema, ikaamua mambo mawili. Mwana wa pekee wa mjane, anayekaa kaya moja na mama yake, asiguswe. Na kaya za vijana ambao hawajapata mtoto zitoe watu kwanza. Akafungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole.

"Mwandiko wa nani huu?"

Ni wangu, Theonest. Ule mzuri, wa mtihani.

"Habimana yuko kwenye kaya ya Scholastika," akasema. "Mumeo nilimtafuta kwenye kaya ya mama yake. Hayumo. Yumo hapa, ana mke, hana mtoto."

Nikamwambia, "Lakini wewe ulijua! Ulijua lile jiko ni la mawe matatu ya kuokota!"

"Nilijua. Na wilaya wangeuliza: kaya hii mliipata Septemba mkaipoteza Desemba? Zingebaki mia mbili arobaini na tisa. Tuliogopa wote, binti. Wewe uliogopa wa kwanza."

Nilirudi nyumbani bila kuona njia. Mama alikuwa anachambua mchele. "Amesemaje?" Na mimi, mume wangu, nikasema, "Amesema ni bahati mbaya." Akatema mate akalitaja jina la Gaspari, na mimi nikachutama, nikamsaidia kuokota mawe kwenye mchele.

Kesho yake Gaspari alipita, akamsalimu, akaitikiwa na mbuzi. Alinitazama. Akashika njia yake. Anaubeba mzigo wangu kila asubuhi mbele ya nyumba yangu, na mimi namwacha aubebe.

Wewe peke yako nimekuambia. Nilitaka jina lako na langu yakae mstari mmoja. Hilo tu ndilo nililotaka. Nisamehe, au usinisamehe, lakini andika.

Mkeo,
Adelfina

*

Uganda
2 Juni 1979

Adelfina mke wangu,

Salamu. Mimi ni mzima, nimekonda, nilikuwa na homa wiki tatu, sasa naweza kushika kalamu. Barua yako ya Machi imenifikia juzi, imezunguka kuliko mimi. Nasikitika kwamba umekaa miezi yote hiyo bila jibu. Wenzangu wawili wa Nyarwiri hawatarudi. Wazazi wao wataambiwa na wanaohusika, wewe usiseme.

Sasa sikiliza. Nilijua.

Siku ya mkutano, kabla ya majina kusomwa, Gaspari aliniita kando, karibu na lile benchi la mbele ya ofisi ya kijiji. Akaniuliza, "Theonest, nikuhesabu kaya ya mama yako au ya kwako?" Aliuliza kwa sauti ya chini. Alikuwa ananifungulia mlango, na mimi nilielewa. Habimana alikuwa ameshaulizwa, akasema ya mama, na vijana wakaanza kumtania: "Nenda kanyonye!" Nikatazama, nikakuona mlangoni na khanga yako. Nikasema, "Ya kwangu." Nikaisema kwa sauti kubwa ili wote wasikie.

Kwa hiyo si kalamu yako. Ungeandika usingeandika, ningeweza kujibu neno moja nikarudi nyumbani kuranda mbao. Sikutaka kuwa mtoto wa mama hata siku moja zaidi. Nimelifikiria neno hilo katika kila shimo nililolala, na hapa mashimo ni mengi.

Gaspari alikuficha hilo ili kunistiri; usimwache hivyo. Msomee Mama barua hii yote, usiruke mstari. Mimi sikuwa na uso wa kumwambia.

Wanasema tutaanza kurudishwa mwezi ujao.

Mumeo,
Theonest

*

Nyarwiri
29 Julai 1979

Mpendwa Theonest,

Nakusalimu. Sijui barua hii itakukuta wapi. Mimi ni mzima wa mwili. Mama hali chakula vizuri.

Lori lilikuja wiki iliyopita. Walishuka saba. Watu walipiga vigelegele, na mimi nilipiga, hadi mlango wa nyuma ulipofungwa. Niliwauliza mmoja mmoja. Mmoja anasema ulirudiwa na homa ukaachwa hospitali; mwingine anasema ulikuwa umepona ukaomba ubaki na wajenzi, kwa kuwa kuna nyumba nyingi za kuezeka. Wa tatu aliniambia, "Shemeji, pumzika kwanza," akaondoka.

Barua yako nilimsomea Mama, kama ulivyoagiza. Nilianza na ya kwangu: nikamwambia habari ya daftari, mawe, kila kitu. Alinisikiliza akipasua karanga, akasema, "Ulikuwa mtoto, ulitaka nyumba. Mimi pia nilitaka nyumba." Akanipa karanga mkononi. Nililia kwa furaha, Theonest. Nilidhani yamekwisha. Nikasoma ya kwako kwa haraka, kama mtu anayeleta habari njema.

Akaacha kupasua.

"Rudia hapo Gaspari alipomwuliza."

Nikarudia.

"Na yeye akasema nini?"

"Alisema, ya kwangu."

"Kwa sauti kubwa."

"Ndiyo, Mama."

"Nilimsikia," akasema. "Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile. Nilisikia sauti yake, nikadhani anamwitikia mtu." Akaweka karanga chini. "Alinitazama kwanza?"

"Barua haisemi, Mama."

"Tafuta."

Nilitafuta, nikageuza na upande wa pili. Haisemi.

Asubuhi Gaspari alipita. "Umeamkaje, mama Theonest?" Mama akaitikia, "Nimeamka, mwenyekiti." Yule mzee alishtuka hadi akavua kofia. Alipoondoka, nikamwambia Mama amefanya vizuri, kwamba sasa moyo utatulia. Nilisema maneno mengi, unanijua nikianza. Alinitazama kama ananionea huruma.

"Miezi saba," akasema, "niliamka nikiwa najua pa kuiweka hasira yangu. Ilikuwa na nyumba, ilikuwa na jina, ilikuwa inapita hapa na kofia. Mwanangu nilikuwa naye mzima, alichukuliwa tu. Mngeniachia Gaspari."

Tangu siku hiyo haulizi barua. Nikichukua kalamu anatoka nje.

Sikuombi tena uniandikie mimi. Kama unaweza kuja, njoo, hata kama ni kwa fimbo. Kama huwezi, mwandikie yeye, umwambie kama ulimtazama kabla ya kujibu. Mstari mmoja unatosha, nami nitamsomea kama ulivyo.

Mkeo,
Adelfina